Mzee Torkil na Mwezi wa Kukata Magongo

Baba mkwe wangu, Torkil MacSween, alifika kwetu bonde la Ardvaar, huku Australia, akiwa na miaka sabini na mitatu, shoka moja, Biblia moja, na dharau ya kuwatosha watu kumi. Alishuka kwenye gari la ng'ombe, akautazama uzio wangu, uzio wa maili mbili nilioutolea jasho miezi minne, akamgeukia binti yake.

"Marsali, mwanangu, huyu mumeo alikuwa amelewa, au ni uzio ndio umelewa?"

Waliokuja naye wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka, maana utamfanya nini baba mkwe aliyetoka baharini jana? Lakini neno lile lilinikaa kooni tangu Oktoba hadi Januari. Nalisema mapema ili usije ukadhani mimi nilikuwa mtu mwema katika habari hii.

Kwetu kisiwani Skye, Uskoti, Torkil alikuwa mvuvi maskini wa samaki wadogo kama sisi sote. Lakini alijulikana kutoka pwani hadi pwani kwa sababu ya magongo. Siku ya Mwaka Mpya watu wetu hucheza mpira wa magongo, na hakuna mwanamume anayebaki kutazama ila mgonjwa. Manahodha wawili husimama uwanjani wakachagua mmoja mmoja, hadi wa mwisho naye achukuliwe, awe kilema, awe chongo. Kisha ni mbio na vishindo hadi jua lizame, kila mtu na gongo lake lililopinda mwisho, mpira wa ngozi ukiruka vichwani. Na Mwaka Mpya wenyewe tunaufuata ule wa zamani, tarehe kumi na mbili Januari. Enzi za babu wa babu zetu serikali ilibadilisha kalenda, ikala siku kumi na moja. Watu wetu wakasema serikali ikale siku zake, zetu iziache.

Gongo la Torkil halikupindwa kwa moto wala kwa mvuke. Aliutafuta mti uliopinda wenyewe, akalitoa gongo ndani yake. Kisiwani petu miti ni michache na yote ni ya bwana mwenye ardhi, kwa hiyo kila mwaka, wiki moja kabla ya Krismasi, wakati utomvu umelala na baridi inauma masikio, mzee aliingia msitu wa bwana na kuiba. Aliwahi kufungwa siku saba kwa ajili ya hayo. Alipotoka alipita msituni humo humo akarudi nyumbani na matawi mawili. Na walisema kwamba katika miaka hamsini na minne halikuvunjika gongo lake hata moja uwanjani. Watu wa kwetu hutia chumvi, lakini mimi nilicheza na gongo lake tangu nina miaka kumi, na kweli sikuwahi kuliona likivunjika.

Basi ikafika Krismasi yake ya kwanza huku koloni ya Victoria. Joto lilikuwa la kuwaachamisha kunguru midomo. Asubuhi moja nilikuwa nanoa msumeno nyuma ya nyumba, nikamwona mzee amevaa koti lake la sufu, shoka begani, anaelekea kijitoni kwenye miti ya miwati.

"Unakwenda wapi na jua hili, Baba?"

"Ni wiki ya kukata. Hujui kalenda?"

Kazi yangu ni kupasua nguzo za uzio, na kazi hiyo imenifundisha kwamba mti wa huku ukiukata kiangazi, utomvu uko mbioni, jua hukausha nje kabla ya ndani, nao hupasuka wenyewe ukiwa umelala chini, hujaupiga wala kuugusa. Kila mpasua mbao wa koloni hii anajua. Nilifungua kinywa nimwambie. Nikaukumbuka uzio uliolewa. Nikafunga kinywa, nikaendelea kunoa msumeno.

Alikata magongo thelathini. Aliyachonga usiku na mchana, akayakausha juu ya moshi wa jiko kwa wiki tatu kama alivyozoea, na yalikuwa mazuri kiasi kwamba niliona wivu. Tarehe kumi na mbili tukakusanyika uwandani, wanaume hamsini na zaidi, wengine wametembea siku mbili, waliokosa gongo la mzee wakiwa na fimbo zao zilizopinda. Ruaridh, mhunzi wetu, mtu mwenye kifua cha ng'ombe na mdomo wa kasuku, alikuwa nahodha wa upande mmoja. Alilibusu gongo lake mbele ya watu wote. "Leo ndio nimefika nchi hii," akasema. "Miaka sita nilikuwa nimekuja mwili tu."

Haikupita robo saa. Gongo la kwanza likalia kwaa! likapasuka urefu wake wote. Likafuata la pili, na la tatu. Kipande kikaruka kikampasua Ruaridh nyusi, damu ikamjaa jichoni. Kufikia saa sita mchana, magongo ishirini na matatu yalikuwa yamelala majanini, na watu wamesimama mikono mitupu bila kujua wamtazame nani. Mzee alikuwa pembeni, ameshika kofia yake.

Hapo ndipo mimi, Farkar, mkwe wake, nikapaza sauti: "Msihangaike jamani! Mzee Torkil ametuletea kuni!"

Wakacheka. Walikuwa wamekasirika na wana kiu, wangechekea chochote. Mzee aliingia uwanjani akaokota vipande, kimoja kimoja, akavibeba hadi nyumbani bila kuvitazama. Mke wangu hakunisemesha siku nne, ingawa alidhani kosa langu ni mdomo tu.

Tangu siku ile Torkil alikuwa mtu mwingine. Shoka alilisukuma chini ya kitanda. Hakugusa mti, hata kuni za kutia jikoni hakugusa. Jioni alikaa na mikono yake magotini, akiitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata.

"Mikono imekufa," alimwambia Marsali siku moja. "Imenitangulia tu."

"Baba, usiseme hivyo. Ni magongo."

"Magongo ndiyo mikono. Nilikuwa na nini kingine?"

Ikafika hali kwamba binti yake ndiye anayemkatia mkate, maana alisema hawezi kuviamini vidole na kisu. Alikonda. Uji wa shayiri aliuacha nusu bakuli. Bondeni watu wakaanza kusema mwakani tucheze kriketi, mchezo wa Waingereza na gongo lao bapa, magongo yanaagizwa tu Melbourne. Niliyasikia haya yote, nikayameza. Kila wiki nilijiambia nitasema wiki ijayo, na kila wiki iliyopita ilifanya neno lenyewe kuwa zito zaidi.

Ilikuwa Juni, majira ya baridi ya huku, umande umeganda kuwa sakitu nyeupe majanini, nami nakata nguzo kando ya kijito. Marsali alikuja kuchota maji. Akazitazama nguzo zilivyorundikana.

"Mbona unakata zote sasa hivi? Uzio wenyewe utaujenga Septemba."

"Sasa ndio wakati," nikasema bila kufikiri. "Kiangazi hukati mti huku. Unapasuka."

Akaweka ndoo chini. Aliiweka taratibu, na mimi niliyemwoa miaka minane nikajua kuna balaa.

"Farkar. Ulijua hilo Krismasi?"

Nikachukua nguzo nyingine.

"Ulimwona anakwenda na shoka. Ulijua, ukamwacha, halafu ukamwita mleta kuni mbele ya bonde zima?"

"Aliniambia uzio wangu umelewa."

"Na kweli umelewa!" Alipiga kelele hadi ndege wakaruka. "Ingia ndani ukamwambie. Utamwambia wewe, si mimi. Na usipomwambia leo, usile kwangu."

Nimewahi kukabiliana na fahali mwenye kichaa, na moto wa msituni umenikuta peke yangu. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa hatua zile ishirini hadi mlangoni. Mzee alikuwa kando ya jiko, blanketi begani. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, la mti na la kinywa changu. Nilipomaliza, mzee aliigeuza mikono yake magotini, akaitazama.

"Yalianzia kupasuka wapi?" akauliza.

"Nini, Baba?"

"Magongo, we punguani! Yalianzia kichwani au katikati?"

"Kwenye ncha. Yalianza ncha zote mbili yakaja katikati."

Akafumba macho. Niliona midomo yake ikihesabu kitu. "Ncha zote mbili," akasema polepole. "Mkono ungekosea, yangevunjika shingoni, pale yanapopinda." Halafu akafumbua macho akanitazama. "Ningekuwa na miaka sitini ningekutandika."

"Ni haki yako, Baba."

"Najua ni haki yangu. Hainisaidii." Akavuta blanketi. "Lakini mti hukatwa wiki ya kabla ya Krismasi. Baba yangu alikata hivyo. Babu yangu alikata hivyo."

"Huku Krismasi ni kiangazi."

"Krismasi ni Krismasi!"

"Na utomvu ni utomvu, Baba. Mti hausomi kalenda."

Nilidhani atanirushia fimbo yake. Watu wake walikataa kusogezwa siku kumi na moja na serikali, nami namtaka yeye asogee miezi sita. Badala yake akasema nimletee viatu.

Tulikwenda kijitoni, yeye, mimi na Marsali, pumzi zetu zikitoka moshi. Alisimama mbele ya mwati mmoja, akaukwaruza gome kwa kucha mpaka palipo peupe, akainama, akaulamba. Mwanamume wa miaka sabini na minne, amekumbatia mti, ulimi nje, katika baridi ile. Ningekuwa na akili zangu za Januari ningecheka. Akageuka, na uso wake sijui nikuelezeje.

"Umelala," akanong'ona. "Marsali, umelala! Huku hulala sasa!"

Niliyoyaona baada ya hapo nimeyasimulia mara nyingi, na sijawahi kuyasimulia yakatosha. Kwa miaka kumi na tano nimeishi kwa miti. Nilidhani naijua. Mzee alipita miwati iliyonyooka, mizuri, ya kunifanya mimi nimeze mate, asiitazame. Alikwenda na kisogo cha shoka akigonga mashina, gonga moja, anasikiliza, anapita. Mvinje mmoja aliugonga, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia uongo. Kisha akasimama kwenye mwati mbovu, uliojikunja ukingoni, ambao mimi nisingeutaka hata kwa kuni.

"Chimba hapa."

Nikachimba. Shina lile lilishuka udongoni hatua moja, likakutana na jiwe, likageuka kando. Kutoka juu hakuna ambaye angejua. Akanielekeza pa kupiga kabari, nikapiga, mti ukafunguka, na ndani yake nyuzi za mbao zilikuwa zimeshuka zote pamoja na kugeuka zote pamoja, bila hata moja kukatika, mpini na kichwa cha gongo, tayari. Lilikuwa limo humo miaka mingi kabla mmoja wetu hajaijua nchi hii. Nywele zilinisimama. Nilivua kofia, na sikujua namvulia mzee au mti.

"Umejuaje, Baba?" nikauliza.

"Ulikuwa na sauti mbili," akasema, kana kwamba hilo ni jibu. "Acha kushangaa, chimba."

Tulikata siku tisa, magongo thelathini. Jioni ya mwisho alinitazama, akakohoa, na nikaona neno linavyomchoma kabla halijatoka.

"Huku kwenu... mnakaushaje?"

Nikamwonyesha. Ncha zote tunazipaka mafuta ya kondoo zisinywe hewa upesi, halafu vipande tunavifukia kwenye unga wa mbao wenye unyevu, mahali penye kivuli, tukivigeuza kila wiki. Tukaviweka chini ya sakafu ya banda la kukatia manyoya. Kila Jumamosi mzee alijikongoja hadi pale kuvigeuza, na hakuniruhusu nimsaidie. Oktoba akaanza kuchonga. Macho yalikuwa yameanza kumwishia, akawa anapima kwa kidole gumba. Alichonga, lakini hakufurahi. Usiku nilimsikia akisema na Mungu, akimwomba yasivunjike, na kama ni lazima yavunjike basi amchukue kabla ya tarehe kumi na mbili.

Mungu hakumchukua; tarehe kumi na mbili ilifika naye yuko kitini, pembeni ya uwanja, amevaa koti la sufu katika jua la kuyeyusha nta. Mara hii wanaume walikuwa sitini na wawili. Habari zilikuwa zimeenea. Ruaridh, nahodha tena, alilipokea gongo lake bila kulibusu. Aliligeuza geuza, kovu la nyusi likimcheza.

"Mzee, safari hii nivae kofia ya chuma?"

"Vaa adabu," akajibu Torkil. Kisha akaivuta fimbo yake karibu.

Nahodha wa pili alinichagua mimi, nikawa upande wa kumkabili Ruaridh. Mpira ukatupwa juu. Jamani, pigo langu la kwanza nililipiga kwa woga kama mtu anayegonga yai. Kila mtu alicheza hivyo, wanaume wazima wananyemelea mpira kwa heshima. Ndipo Torkil akapiga kelele kutoka kitini: "Mnacheza au mnabembeleza? Pigeni!"

Tukapiga. Lo, tulipiga! Magongo yaligongana angani, vumbi likapanda, wanaume sitini wakashuka bonde lile kwa kishindo nilichokisikia miguuni kabla ya masikioni, kondoo wakakimbilia vilimani, na mpira ulipopaa ulikwenda juu mpaka ukapotea kwenye jua. Mzee hakuweza tena kuona mbali. Alikaa ameinamisha kichwa, anasikiliza kila mgongano. Nusu saa ikapita, ikapita saa nzima. Saa ya pili watu walianza kutazamana wakikimbia, hakuna aliyethubutu kusema. Magongo thelathini ya mwati, yakigongana tangu asubuhi, na hakuna hata moja lililotoa ufa. Nilicheza na machozi usoni, na wengine vilevile, tukisingizia jasho.

Saa ya tatu, mpira ulitua kati yangu na Ruaridh. Wote wawili tukauona, wote wawili tukajitupa kwa nguvu zetu zote.

Kwaa!

Sauti ile ile. Uwanja mzima ukasimama. Nikasikia kiti kikianguka kule pembeni, na nilipogeuka mzee alikuwa wima, mweupe kama shuka, mdomo wazi. Ruaridh yuko chini. Mungu anisamehe, mimi nilitazama gongo langu kwanza. Nililipapasa kutoka mpinini hadi kichwani. Zima. Nikatazama la Ruaridh, alilokuwa amelikumbatia kifuani.

"Lako?" nikamwuliza.

"Zima," akasema kwa meno yaliyoumana. "Ni mfupa wangu wa mguu, Farkar, umeuvunja, mwana wa laana wewe. Upesi, mwambieni mzee!"

Tayari alikuwa anakuja. Watu wakampisha njia, naye akajikongoja katikati ya wanaume sitini, fimbo mbele.

"La nani? La nani limevunjika?"

"Si gongo, mzee!" Ruaridh akapaza sauti kutoka chini. "Ni mguu wangu!"

Torkil akasimama. "Una hakika?"

Ndipo uwanja ulipopasuka kwa kicheko, Ruaridh mwenyewe akicheka na kulia kwa pamoja. Mtu mmoja akaleta magongo mawili na kamba ili aufunge mguu ule, na mzee akamchapa mkono.

"Magongo yangu? Katafute mbao!"

Kisha akapiga magoti, akalichukua gongo la Ruaridh, akapitisha kidole gumba kutoka mpinini, shingoni, hadi ncha ya kichwa, akarudi tena, taratibu. Alirudia mara ya tatu. Akaiweka mikono yote miwili juu ya gongo lile, akaanza kulia kwa sauti, bila haya, na wanaume wote wakavua kofia zao.

Nilipomsaidia kusimama alinishika bega kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Ng'ambo ya kijito kuna mwati mmoja niliuacha," akasema. "Sikuwa na hakika nao. Juni tuuendee. Utanikumbusha, mkwe wangu?"

"Nitakukumbusha, Baba," nikasema, nikamwokotea fimbo yake.